Betri za akiba za ndege nyuki: namna ya kuzimiliki na kuzitunza katika mwambao wa Ziwa Victoria

MWANZA

Mwezi Oktoba 2018 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya miezi sita yaliyofanyika katika Ziwa Victoria, ambapo ndege nyuki ilisafirisha dawa kutoka nchi kavu hadi Kisiwa cha Ukerewe. Umbali wa kilomita 60 ulikatwa kwa wastani wa dakika 40, ilhali safari hiyo kwa barabara na kivuko ni ya kilomita 240 na huchukua takriban saa sita. Mradi huo, ulioitwa Deliver Future, uliendeshwa na kampuni za DHL na Wingcopter kwa kushirikiana na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Ujerumani (GIZ). Mwishoni mwa mwezi huo huo Jiji la Mwanza lilikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, mkutano wa kimataifa kuhusu ndege zisizo na rubani ulioandaliwa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, Benki ya Dunia na wadau wengine.

Ndege iliyopeleka dawa Ukerewe iliruka kwa umeme wa betri, na ilikuwa mikononi mwa wahandisi. Hali ni tofauti kwa ndege nyuki ndogo yenye kamera, ambayo leo hutumiwa na wapiga picha za harusi, wapima ardhi, wanahabari, wakandarasi na wanafunzi. Mmiliki wake ndiye rubani, ndiye fundi na ndiye mtunza stoo. Hakuna mwingine wa kukagua betri kabla ya chombo kupaa juu ya maji.

Makala haya yanaeleza betri hizo zilivyo, namna ya kuzinunua, kuzichaji, kuzihifadhi, kusafiri nazo na kuziondoa katika matumizi. Jambo la msingi ni moja: kazi ya betri ya akiba ni kumwezesha mwendeshaji kutua mapema. Mwenye betri nyingine iliyo tayari hana sababu ya kuikamua ile iliyo angani hadi tone la mwisho. Akiba isiyotunzwa haiwezi kufanya kazi hiyo, na inaweza kugeuka chanzo cha moto nyumbani.

Betri ilivyo

Betri za ndege nyuki ndogo ni za jamii ya lithiamu, kama zile za simu za mkononi. Betri za aina hiyo ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony ya Japani. Mwaka 2019 wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa mchango wao katika kuziendeleza.

Ndani ya betri moja huwa na seli mbili, tatu au nne zilizounganishwa. Seli ya kawaida hufikia takriban volti 4.2 inapojaa, baadhi hutengenezwa kupokea zaidi kidogo. Ikishushwa chini ya takriban volti 3, kemikali zake huanza kuharibika, na madhara hayo hayarekebishiki. Ndani ya betri za kisasa imo pia saketi ndogo ya udhibiti inayopima joto, kuhesabu mizunguko ya chaji na kukata umeme panapotokea hitilafu.

Kila mmiliki anapaswa kujua kiasi cha nishati kilichomo katika betri yake, kwa kuwa ndicho kipimo kinachotumiwa na mashirika ya ndege. Kipimo hicho huitwa wati-saa (Wh), na hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Kwa mfano, betri iliyoandikwa volti 7.7 na miliampea-saa 2,250 ina ampea-saa 2.25, ukizidisha unapata wati-saa 17 na ushei. Betri ya ndege kubwa kidogo yenye volti 15.4 na miliampea-saa 5,000 ina wati-saa 77. Namba hizo huandikwa kwenye kibandiko cha betri. Kibandiko kilichofutika au kung'olewa humnyima mmiliki ushahidi pale anapoulizwa uwanjani.

Idadi inayotosha

Muda wa kuruka unaotajwa na watengenezaji hupimwa katika hewa tulivu hadi betri iishe kabisa. Hakuna mwendeshaji makini anayeruka namna hiyo. Ndege inayotajwa kuruka dakika 30, ikitua betri ikiwa na asilimia 30, hubakiwa na dakika 21. Ukitoa kupaa, kutua na kukabili upepo, kazi halisi huwa ya dakika 15 hadi 18.

Kwa Mwanza kuna sababu nyingine ya kupunguza matarajio. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam au Tanga, hivyo mapanga ya ndege hulazimika kuzunguka kasi zaidi ili kuibeba ndege ileile, na betri huisha mapema kidogo.

Kwa hesabu hiyo, kazi ya saa moja kamili angani huhitaji betri nne. Kazi ya kawaida ya kupiga picha, ambayo huwa na mapumziko kati ya ruko moja na jingine, huweza kukamilishwa kwa betri tatu. Kununua betri nyingi kuliko mahitaji si akiba nzuri, kwa kuwa betri ya lithiamu huzeeka hata ikikaa kabatini.

Kununua

Betri inunuliwe kwa muuzaji anayetoa risiti na dhamana. Mnunuzi achunguze mambo manne: kwamba volti na miliampea-saa zinalingana na zilizotajwa katika kitabu cha maelekezo ya ndege, kwamba namba ya utambulisho iko kwenye betri yenyewe na inafanana na ya kwenye boksi, kwamba gamba halina ufa wala uvimbe, na kwamba betri inaingia na kufunga katika nafasi yake bila kulazimishwa.

Betri bandia mara nyingi hutambulika kwa ahadi kubwa mno. Betri yenye ukubwa na uzito uleule wa ile halisi, lakini inayodaiwa kubeba nishati mara mbili, inapaswa kutiliwa shaka. Nyingine hazina saketi kamili ya udhibiti, hivyo huendelea kupokea umeme hata zinapopata joto kupita kiasi.

Kwa betri iliyotumika, muuzaji aombwe kuiweka katika ndege na kuonesha, kupitia programu ya simu, idadi ya mizunguko ya chaji na volti ya kila seli. Mzunguko mmoja ni matumizi yanayofikia jumla ya asilimia 100, hata yakigawanyika katika siku kadhaa. Betri nyingi za ndege nyuki ndogo hutengenezwa kwa mizunguko ipatayo 200 hadi 300. Iwapo baada ya kujazwa seli moja iko chini ya nyenzake kwa zaidi ya volti 0.1, seli hiyo imechoka, na ndiyo itakayoiangusha ndege siku ya upepo.

Betri mpya ikifika, ipewe namba kwa kalamu isiyofutika: 1, 2, 3. Tarehe ya kununuliwa iandikwe katika daftari. Kisha kila betri, moja baada ya nyingine, iwekwe katika ndege ili kusasisha programu yake ya ndani. Wamiliki wengi husasisha ndege ikiwa na betri moja na kusahau zilizobaki, kisha hushangaa zinapokataliwa siku ya kazi.

Kuchaji

Betri iliyotoka angani huwa na joto. Iachwe ipoe mahali penye kivuli hadi ilingane na hewa ya chumba, ndipo ichajiwe. Watengenezaji wengi huelekeza kuchaji katika joto la kati ya nyuzi 5 na 40 za Selsiasi. Mchana wa Mwanza kwa kawaida hauzidi kiwango hicho, lakini betri yenyewe huweza kukizidi iwapo imetoka tu kufanya kazi au iliachwa juani.

Chaja iwekwe juu ya sakafu ya saruji, vigae au uso mwingine usioshika moto, mbali na mapazia, godoro, mtungi wa gesi na mafuta ya taa. Mtu mzima awepo muda wote. Kuacha betri zikichaji usiku watu wamelala, au nyumba ikiwa imefungwa, ni hatari isiyo na ulazima wowote.

Umeme ukikatika, chaja ichomolewe ukutani na irudishwe baada ya umeme kurejea na kutulia. Kwa anayetumia jenereta, injini iwashwe kwanza hadi mwendo wake utulie, ndipo chaja ichomekwe. Katika mitumbwi na boti zenye injini ya petroli, betri zisichajiwe kabisa: madumu ya mafuta, mawimbi na chaja yenye joto havipaswi kukaa katika chombo kimoja ambacho abiria wake hawana pa kukimbilia.

Kuhifadhi

Kosa linaloua betri nyingi ni kuziweka kabatini zikiwa zimejaa. Betri ya lithiamu iliyojaa asilimia 100 huchakaa haraka, hasa penye joto. Iliyoachwa tupu huendelea kujipunguza polepole hadi ivuke kiwango cha chini, na inaweza isipokee chaji tena. Hali inayoifaa ni nusu: kati ya asilimia 40 na 60, sawa na takriban volti 3.8 kwa kila seli.

Baadhi ya betri za kisasa hujipunguza zenyewe hadi karibu asilimia 60 baada ya kukaa siku kadhaa bila kutumika. Utaratibu huo ni msaada, lakini una athari mbili ambazo mmiliki anapaswa kuzijua. Kwanza, betri iliyojazwa wiki iliyopita huenda leo haijajaa. Ni lazima ikaguliwe kabla ya kwenda kazini. Pili, wakati wa kujipunguza betri hutoa joto kidogo, hivyo isifungiwe ndani ya nguo au sanduku lililobanwa.

Betri zihifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, nje ya uwezo wa watoto kuzifikia. Gari lililoegeshwa juani halifai hata kwa saa moja, kwa kuwa joto ndani yake huweza kupita nyuzi 50. Betri isiyotumika itolewe kabatini walau mara moja kila miezi mitatu, ikaguliwe na kuongezwa chaji hadi nusu. Mianzi yake ya shaba ifutwe kwa kitambaa kikavu. Vumbi na mchanga wa ufukweni hupunguza mguso wa umeme na kuweza kusababisha ndege kuzimika angani.

Daftari la betri halihitaji ufundi. Safu nne zinatosha: namba ya betri, tarehe, dakika ilizoruka, na jambo lolote lisilo la kawaida. Betri zitumike kwa zamu ili zote zizeeke kwa usawa. Baada ya miezi michache daftari litaonesha lenyewe kwamba betri namba 2, iliyokuwa ikitoa dakika 18, sasa inatoa 13. Bila daftari, habari hiyo hupatikana siku ambayo ndege imeshindwa kurudi.

Upepo wa ziwa na hesabu ya kurudi

Mwambao wa Ziwa Victoria una pepo mbili zinazopokezana. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuja pwani. Usiku hadi alfajiri hali hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, na upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wa mialo ya Kirumba, Kayenze na Sengerema wanaujua mpokezano huo vizuri kuliko yeyote.

Kwa mwenye ndege nyuki, upepo wa alfajiri ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu huanza kwa upole. Asubuhi ni wakati unaopendwa na wapiga picha, kwa kuwa mwanga ni laini na mitumbwi inarejea. Ndege hupaa na kwenda ziwani kwa wepesi, ikisukumwa na upepo, na betri hupungua kidogo tu. Gharama hujitokeza wakati wa kurudi.

Chukua mfano wa ndege inayokwenda mita 10 kwa sekunde katika hewa tulivu, na betri yake inadumu dakika 30. Upepo wa mita 5 kwa sekunde unavuma kuelekea ziwani. Kwenda mita 900 kutachukua dakika moja, kwa kuwa kasi yake juu ya maji ni mita 15 kwa sekunde. Kurudi kutachukua dakika tatu, kwa kuwa kasi imebaki mita 5. Upepo ukiongezeka hadi mita 8 kwa sekunde, kwenda kutachukua sekunde 50, na kurudi dakika saba na nusu, yaani robo nzima ya betri. Upepo ukifikia mita 10 kwa sekunde, ndege haitarudi hata betri ikiwa imejaa. Itasimama mahali pamoja ikipambana na upepo hadi nguvu ziishe, kisha itazama.

Namba ya asilimia inayoonekana kwenye kioo cha simu, kwa hiyo, haitoshi peke yake. Mwendeshaji anayeona asilimia 70 anaweza kuwa salama, au anaweza kuwa ameshachelewa, kutegemea upepo. Betri kuukuu huongeza hatari, kwa kuwa volti yake huporomoka ghafla mota zinapodai nguvu nyingi, na ndege hupungua kasi wakati uleule inapoihitaji. Mfumo wa kurudi wenyewe nao una kasoro yake: huipandisha ndege hadi kimo kilichowekwa, na juu mara nyingi upepo ni mkali kuliko karibu na maji.

Taratibu zinazofaa ni hizi. Kabla ya kwenda mbali, ndege isimamishwe juu ya kichwa cha mwendeshaji kwa dakika moja, na mwelekeo wa upepo uangaliwe. Safari ya kwanza ielekezwe upande upepo unakotoka, ili kurudi kuwe rahisi. Juu ya maji, betri namba moja ndiyo itumike, yaani ile iliyo bora kuliko zote kwa mujibu wa daftari. Betri zilizochoka zibaki kwa mazoezi juu ya uwanja wa nchi kavu. Ndege isitoke machoni pa mwendeshaji. Ikifika asilimia 30 iwe tayari juu ya ardhi, na betri ya akiba ichukue zamu.

Utabiri wa hali ya hewa unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ukiwemo ule wa Ziwa Victoria, usomwe kabla ya kutoka nyumbani. Ziwa hili lina ngurumo na dhoruba za ghafla, hasa usiku na alfajiri, na wingu jeusi upeoni ni amri ya kutua.

Kusafiri na betri

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo aina ya Boeing 747 ya kampuni ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuzuka katika shehena iliyokuwa na betri nyingi za lithiamu. Marubani wote wawili walifariki dunia. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2016 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipiga marufuku betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake kama shehena ndani ya ndege za abiria.

Abiria anaruhusiwa kubeba betri zake binafsi kwa masharti. Betri za akiba hubebwa katika begi la mkononi pekee; haziruhusiwi katika mizigo inayowekwa chini ya ndege. Sababu ni kwamba moto ukianza ndani ya chumba cha abiria wahudumu wataona moshi na kuchukua hatua. Katika chumba cha mizigo huenda usionekane hadi umekua. Betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida hubebwa bila kibali maalumu. Iliyo kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Inayozidi 160 haibebwi na abiria. Betri za ndege nyuki ndogo nyingi zimo katika kundi la kwanza, lakini shirika huweza kuweka kikomo cha idadi, hivyo abiria anayetoka Mwanza kwenda Dar es Salaam au kwingineko aulize mapema.

Kila betri iwekwe katika mfuko wake, na mianzi ya umeme ifunikwe kwa kifuniko chake au kwa solotepu. Funguo, sarafu au mnyororo vikigusa mianzi yote kwa pamoja husababisha shoti. Kwa safari, chaji ya asilimia 30 hadi 50 inatosha. Betri zijazwe mwisho wa safari. Tahadhari hizo zinafaa pia kwa basi la kwenda Bukoba, kivuko cha kwenda Nansio na bodaboda ya kwenda mwaloni. Betri isiachwe kwenye buti la gari wala chini ya mizigo mizito.

Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Betri iondolewe katika matumizi mara moja ikionesha mojawapo ya haya: imevimba, gamba lina ufa, inatoa harufu tamu au kali isiyo ya kawaida, inapata joto wakati haitumiki, seli zake hazilingani, imeanguka kutoka juu kwa kishindo, au imezama majini. Betri iliyovimba isibonyezwe, isitobolewe ili kutoa hewa, na isichajiwe hata kwa kujaribu.

Betri iliyotolewa ziwani haifai tena hata ikikaushwa na kuonekana nzima. Maji hubaki kati ya seli, na kutu huweza kuleta shoti baada ya siku kadhaa. Iwekwe nje, mahali wazi, mbali na nyumba na vitu vinavyoungua, na watu wakae mbali nayo.

Betri ikianza kutoa moshi, watu watoke kwanza. Moshi wake una sumu na usivutwe. Ikiwa njia iko salama na moto ni mdogo, maji mengi humwagwa ili kuipoza betri na kuzuia joto lisihamie seli nyingine. Seli moja ikiungua huweza kuwasha ya pili hata baada ya miali kuonekana imezimika. Betri inayotoa moshi isibebwe mkononi wala kufungiwa katika begi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu namba 114, na lielezwe wazi kwamba kilichoungua ni betri ya lithiamu.

Mwisho wa betri

Ziwa Victoria ndilo chanzo cha maji ya Jiji la Mwanza, na kupitia mitambo ya Ihelele wilayani Misungwi maji yake hufika Shinyanga, Kahama na Tabora. Betri inayotupwa ufukweni au kwenye mfereji hupeleka metali na kemikali zake katika maji hayohayo. Kuichoma huleta mlipuko na moshi wenye sumu. Kuifukia shimoni au kuitumbukiza chooni ni kuahirisha madhara.

Betri iliyokwisha muda ishushwe chaji kadiri inavyowezekana kwa kuitumia katika ndege iliyo chini, isipokuwa iliyovimba au kuharibika, ambayo haipaswi kutumika tena. Mianzi izibwe kwa solotepu, kila betri iwekwe katika mfuko wake wa plastiki, na zote zikae katika chombo kikavu kisichoshika moto hadi zikabidhiwe kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliyesajiliwa. Mwananchi asiyejua mahali pa kuzipeleka anaweza kuuliza ofisi ya Kanda ya Ziwa Victoria ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) iliyopo Mwanza. Betri hizo zisiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ambao huzipasua kwa nyundo bila kujua kilichomo, wala watoto wasipewe kuzichezea.

Kibali kabla ya yote

Betri zilizotunzwa vyema hazimpi mmiliki ruhusa ya kuruka. Urushaji wa ndege nyuki nchini unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) chini ya kanuni za mwaka 2018, na huhitaji pia idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Maeneo ya Uwanja wa Ndege wa Mwanza, kambi za jeshi na hifadhi, ikiwemo Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, yana masharti yake, na mwombaji anapaswa kuyapata kwa maandishi kabla ya siku ya kazi.

Mwenye kibali mkononi, betri tatu zenye namba na daftari la kurasa chache anaweza kupiga picha za mwambao huu mwaka hadi mwaka bila kuacha chombo chake chini ya ziwa. Kwa anayeanza leo, hatua ya kwanza haigharimu kitu: atoe betri zote kabatini, aangalie kama zimevimba, azipe namba, na ahakikishe kila moja inarudi kabatini ikiwa na nusu ya chaji.